Nywele za Hiong

Hekalu la Ling-hsi, Nantou
14 Julai 1994

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakubeba na kibanda kinajaa, na Bibi Tho muuza tofu bado anakuletea umbea wa soko zima kabla jua halijatoka. Mimi mzima, isipokuwa makalio. Nimeyakalia wiki nzima mpaka yamekufa ganzi, sasa nikitembea nayahisi ya mtu mwingine.

Mafungo ya kimya yamekwisha jana. Tulikuwa vijana watupu, wanachuo na sisi tuliotoka jeshini, na mlangoni kila mmoja alibandikwa kifuani karatasi iliyoandikwa SISEMI. Ukimkanyaga mwenzako, husemi samahani. Ukiumwa na mbu, husemi kitu. Jirani yangu wa kulala alikoroma kila usiku kama pikipiki ya muuza gesi, na sikuweza hata kumwambia ageuke.

Lakini ngoja nikueleze ya chakula. Nyumbani mtu akishiba anasukuma bakuli mbele, sivyo? Huku ukisukuma bakuli hadi ukingo wa meza maana yake unataka kuongezwa. Hakuna aliyeniambia, na mimi siwezi kuuliza. Nikasukuma, wakaniongeza wali. Nikala, nikasukuma kwa nguvu zaidi, wakanishindilia. Na kubakiza hata punje moja ni dhambi. Nilikula mpaka machozi yakanitoka, na mtawa mmoja akaniangalia kwa heshima kubwa, akidhani nimeguswa moyo.

Nimeomba nikae kidogo, mpaka mwezi wa nane uishe, niwasaidie kazi za hapa. Simu hawaturuhusu, lakini barua zinafika, ila siku za mafungo zinawekwa kabatini mpaka tumalize. Mengine tutaongea.

Mwanao,
Bun-hiong

*

Hsilo, sokoni
22 Julai 1994

Hiong,

Marahaba. Naandika huku sufuria inachemka, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi ujue ni sosi, si machozi. Usijipe kichwa.

Magoti yanauma, lakini hayo ni ya miaka. Jana nimefukiza ubani kwa marehemu wazazi wako kama kawaida, nikawaambia umekwenda mlimani kupumzisha akili. Sikuwaambia umeongeza siku, maana baba yako alikuwa mtu wa hasira na sitaki anitokee ndotoni. Paka amezaa ndani ya gunia la mchele. Bibi Tho anakusalimu.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Ulipotoka jeshini tulikubaliana nini? Wiki moja ya kupumzika, kisha tarehe mosi mwezi wa nane unashika upawa, mimi nakaa kwenye kiti napokea wateja. Nimeshachonga ubao mpya wa kibanda. Umeandikwa jina la ukoo wetu, "Wali wa Nyama wa Liau, Kizazi cha Pili." Kizazi cha pili ni wewe. Ubao umeegemezwa ukutani unakungoja, na wateja wanauliza huyo kizazi cha pili yuko wapi. Nawajibu anakula wali wa watu.

Bibi Tho anasema kuna kijana wa Erlin alikwenda mafungo ya wiki moja kama wewe, akarudi kichwa kama yai, anavaa kanzu ya kijivu na kumwita mama yake mzazi "mfadhili." Mama alizimia uani. Nakuuliza swali moja, na unijibu kama mwanaume: una nia ya kunyoa uwe mtawa?

Kula vizuri. Ukishiba, usisukume.

Shangazi yako,
Kim-tsi

*

Hekalu la Ling-hsi
3 Septemba 1994

Shangazi,

Shikamoo tena, na samahani kwa kukaa kimya, ingawa huku kimya hakiombewi samahani. Mwezi wote wa nane tulikuwa na mafungo juu ya mafungo. Nafurahi kusikia habari za paka. Usiwatupe watoto wake. Wazazi nao waambie nawakumbuka.

Huku kuna mtawa anayepita nyuma yetu na ubao bapa mrefu tukiwa tumekaa kutafakari. Ukisinzia, anakugusa begani. Wewe unaunganisha viganja, unainama kumshukuru, ndipo anakupiga. Kisha unamshukuru tena. Nilipigwa sana wiki ya kwanza. Sasa sipigwi, nakaa mpaka kijiti kizima cha ubani kinaungua chote, sijatikisika. Usingeamini. Nafikiri nimepona lile tatizo langu la kutotulia.

Umeniuliza swali na mimi sikulijibu, najua. Mwalimu Tsu-yuan, mkuu wa hekalu, aliniita akaniuliza kama nataka kunyoa kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Sikusema ndiyo. Lakini pia sikusema hapana.

Ila yeye ana utaratibu wake. Hamnyoi mtu mpaka mzee wake apande mlima aje aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anakubali. Barua haitaki, simu haitaki. Anasema mtu akiondoka nyumbani kwa mlango wa nyuma, atatoroka na huku kwa mlango wa nyuma. Mzee wangu ni wewe. Ukipata nafasi, njoo. Hakuna haraka.

Kuhusu ubao, nimesikia. Ahsante.

Bun-hiong

*

Hsilo
9 Septemba 1994

Hiong,

Hatujambo. Paka hajambo.

Siji.

Nywele hizo si zako. Mwili na nywele umepewa na wazazi, na wazazi wakifa mali yao anaitunza ndugu yao, naye ni mimi. Mwambie Mwalimu wako kwamba kinywa changu kiko Hsilo, na kina kazi.

"Ahsante" ya ubao ndiyo nini? Mtu anakuchongea ubao unamwambia ahsante kama umepewa kitambaa cha kufutia mdomo?

Kim-tsi

*

Hekalu la Ling-hsi
20 Oktoba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuandikia mwishoni mwa mwezi wa tisa, hukujibu. Nikadhani barua imepotea. Kisha nikadhani umenikasirikia. Halafu nikaogopa unaumwa. Tafadhali nijibu hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Huku baridi imeanza. Tumemaliza mafungo ya vijana wa vyuo, na nina vituko vya kukuchekesha kama bado unakubali kuchekeshwa na mimi.

Wiki hii alikuja mgawa wali mpya, mmoja wa wale kina mama wanaojitolea jikoni. Sura sikuiona, maana sheria ni macho chini, unaona bakuli lako na mikono ya anayegawa basi, na mikono yenyewe ilikuwa na glovu. Huyo mama alikuwa ananijazia wali mpaka unatengeneza mlima. Sijasukuma bakuli. Nalivuta karibu na kifua, nalikumbatia, yeye ananyoosha mkono juu ya bega langu anamimina. Wenzangu wanapata kawaida, mimi peke yangu nalishwa kama nguruwe wa sikukuu. Nilijiuliza kosa langu nini.

Halafu siku ya tatu mchana, tumekaa kungoja supu, harufu ikaingia ukumbini. Vitunguu vya kukaanga, Shangazi. Unajua huku hawagusi nyama, wala kitunguu, wala kitunguu saumu. Watu wote ukumbini, macho chini, lakini pua juu. Hata Mwalimu pua ilipanda. Ghafla tukasikia miguu inakimbia jikoni, mlango ukagonga, na harufu ikaondoka na sufuria yake. Tulikula wali mkavu. Kijana wa mbele yangu mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, akapigwa ubao.

Mimi sikucheka. Mimi nililia. Nilikuwa nimekaa vizuri kabisa, akili imetulia, sina tamaa wala huzuni, na harufu ile ikanikuta nikalia mpaka kamasi. Watu wakafikiri nimepata mwanga.

Sherehe ya kunyoa ni tarehe ishirini na nane mwezi wa kumi na mbili. Mwalimu hajaniuliza tena kama utakuja. Ananitazama tu, na siku hizi akinitazama anatabasamu, sijui kwa nini.

Nijibu.

Bun-hiong

*

Hsilo
2 Novemba 1994

Hiong,

Marahaba, mwanangu. Siumwi. Barua yako ya mwezi wa tisa niliipata, nikaisoma, nikaiweka kwenye kopo la chai. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimeamua kuja mwenyewe.

Sasa kaa chini. Kama umekaa tayari, simama ukae tena.

Yule mama wa glovu ni mimi.

Kina mama wa hekalu la hapa kwetu walikodi basi kwenda kujitolea huko kwenu. Nikapanda nao. Sikupanda kujitolea, nilipanda kukuvuta sikio kutoka mlimani hadi Hsilo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mengine yalikuwa makali hata mimi mwenyewe niliyaogopa. Tunashuka tu, mtawa mmoja mfupi, mnene, ana uso wa mtoto, akanifunga aproni, akanibandika ile karatasi ya SISEMI. Nikafungua mdomo kumwambia mimi si wa jikoni, nimekuja kuchukua mtoto wangu. Akaweka kidole mdomoni akatabasamu. Hiong, nimegombana na wauza nguruwe, nimegombana na afisa wa soko, nimegombana na baba yako alipokuwa hai. Sijawahi kushindwa na kidole. Nikasema moyoni, haya, acha nimngoje atokee, hapo hata Buddha ataziba masikio.

Ukatokea. Ukaingia na mstari wa wenzako, mikono kifuani, ukakaa. Ukakaa tu. Wewe, ambaye darasa la pili mwalimu alikufunga kwenye kiti kwa mkanda wake mwenyewe akabaki ameshika suruali. Na umekonda, shingo imekuwa kama ya bata. Nilikuwa nimeshika ndoo ya wali. Maneno yote niliyoyapanga nikayasahau, mkono ndio ukafanya kazi. Nikakujazia. Ningefanya nini kingine?

Ya vitunguu usinicheke. Nilikuletea kopo lako, nimevikaanga mwenyewe. Supu yao ile, mwanangu, ni maji ya kuoshea vyombo yaliyotiwa kabichi. Najua kabisa hawali vitunguu, kila mtu anajua. Lakini mkono huu haujawahi kuepua supu bila kutia vitunguu tangu nilipoanza kupika, nao hauulizi mtu. Nikashtuka kopo liko tupu. Yule mtawa mnene akanusa, akabeba sufuria nzima mbio kama nyumba inaungua. Na mimi nimebandikwa SISEMI, hata kuomba msamaha siwezi. Wakanitoa kwenye jiko, wakaniachia ndoo ya wali tu. Na vilikaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Hilo usimwambie mtu mpaka nife.

Siku ya kufungua vinywa, nyinyi mlikuwa ukumbini mnakunywa chai, mimi nikaenda kwa Mwalimu wako. Nikasimama mbele yake niseme hapana. Nimekaa wiki nzima sijasema neno, nikafungua mdomo, likatoka: "Wali wenu hauivi katikati." Akasema ni kweli. Kisha akaniuliza, "Mama, huyu mtoto anapenda nini?" Nikamjibu bila kufikiri, "Nyama." Akacheka mpaka akafuta macho. Nikamwomba asikuambie kwamba nilikuja, nikapanda basi.

Kwenye basi sikucheka. Wenzangu waliimba, mimi nilitazama dirishani. Nimekulea tangu ukiwa na miaka sita. Najua unavyopenda yai lako, najua unaogopa radi, najua ulipoficha barua za yule binti wa dukani. Lakini mtu akiniuliza unapenda nini maishani mwako, sijui. Na sijui kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nilichonga ubao.

Kwa hiyo sikiliza. Nimemtumia Mwalimu salamu kwamba tarehe ishirini na saba mwezi wa kumi na mbili nitapanda mlima, na nitasema ndiyo kwa kinywa changu. Itaniuma, lakini nitasema. Ninachotaka kwako ni kimoja tu. Niambie kweli kwamba ndicho unachokitaka. Usiniandikie "sikusema ndiyo wala hapana." Hayo waachie wanasiasa.

Shangazi yako

*

Hekalu la Ling-hsi
14 Desemba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa juu ya tangi la maji, nusura nianguke. Nilishuka nikacheka mpaka tumbo likauma, halafu nikakaa chini ya tangi nikaisoma tena. Wiki nzima ulikuwa nyuma ya bega langu. Mikono yako nilipaswa kuijua hata ikiwa ndani ya glovu.

Nakuandikia sasa kwa sababu nimechana barua nyingi kabla ya hii. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamwambia kwamba umekubali. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Basi huna pa kujificha tena. Unataka kunyoa?" Nikanyamaza. Akaniacha ninyamaze, muda mrefu, mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Kimya hiki nakifahamu. Watu wanapanda huku wakikimbia kifo, wengine uzee, wengine mapenzi yaliyowavunja. Wewe ni wa kwanza ninayemwona akikimbia sufuria." Akaniambia nisirudi kwake mpaka nimekuandikia ukweli.

Shangazi, mimi sitaki kuuza wali wa nyama.

Ndiyo hiyo. Sentensi moja. Nimekaa mlimani miezi mitano, nimepigwa ubao, nimekula milima ya wali, karibu ninyoe kichwa, kwa sababu nilishindwa kukwambia sentensi moja. Kunyoa niliona ni rahisi zaidi, maana mtawa haulizwi kwa nini hashiki upawa. Ningekuwa mtawa wa uongo maisha yangu yote, na wewe ungejivunia.

Nilikuogopa, lakini zaidi nilijionea aibu. Sufuria ile ndiyo iliyonisomesha, ndiyo iliyoninunulia viatu, na wewe magoti umeyaharibu ukisimama mbele yake kwa ajili yangu. Kuikataa niliona ni kama kukukataa wewe. Nilipouona moyoni ule ubao umeandikwa kizazi cha pili, nilitaka kukimbia zaidi, na hapakuwa na mlima mrefu kuliko huu.

Umeuliza napenda nini. Sikujua mpaka nilipofika hapa. Pampu ya maji ya hekalu ilikuwa imekufa, walikuwa wanabeba maji kwa ndoo. Niliifungua nikaichezea mpaka ikafufuka. Halafu mabomba ya bwenini, halafu boila ya jikoni. Fundi wa mjini Puli aliyekuja kuikagua amesema atanichukua nijifunze kwake, mshahara mdogo. Nikiwa nimelala chini ya pampu, mafuta usoni, ndipo akili yangu inatulia kweli kweli. Ukumbini nilikuwa najifanya kidogo.

Tarehe ishirini na saba usipande. Hakuna atakayenyoa. Nimeambiwa niondoke baada ya sherehe, niwasaidie kubeba mikeka kwanza; kuanzia hapo nitakuwa kwa yule fundi wa Puli, barua yako itanikuta huko.

Sijui kama ninaweza kuja nyumbani. Mwaka mpya wa kwetu, wa kalenda ya mwezi, unakaribia, na sijui kama kiti changu mezani bado kipo. Nijibu, na kama ni hapana, sema hapana.

Nakupenda. Nayo sikuwahi kuisema.

Hiong

*

Hsilo
9 Januari 1995

Hiong,

Marahaba. Umeisema kwenye barua. Hiyo ni nusu, nyingine utaimalizia hapa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Sitakudanganya kwamba nilipokea kwa roho safi. Siku ya kwanza nilitia chumvi mara mbili, wateja wakanyamaza wakala, maana walinitazama usoni. Siku ya pili nikamrushia Bibi Tho maneno kwa kosa ambalo hakulifanya. Siku ya tatu nikamwendea kumwomba radhi, nikamsomea barua yako. Akasema, "Dada, mtoto wako anaogopa upawa wako kuliko moto wa jehanamu."

Inaniuma, mwanangu. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa kwenye kiti, wewe unapakua, watu wanasema tazama, mkono wa shangazi yake. Ndoto hiyo nimeishi nayo miaka mingi na sasa naizika, kwa hiyo nipe nafasi nilie. Lakini ungeniambia mwezi wa saba ningekupiga upawa mmoja wa mgongo, tungelia, tungekula, yangekwisha kabla ya jioni. Badala yake ukanikimbiza mlimani kugawa wali. Ujinga huo umeurithi kwa baba yako, maana kwangu haumo.

Kibanda usikifikirie. Mikono bado ninayo. Ikichoka, nitakifunga au nitamuuzia mtu, na sitakufa. Nilikipika kile chakula ili wewe uishi, si ili uishi ndani ya sufuria. Jifunze hizo pampu zako. Jifunze vizuri, sitaki kusikia umeunguza boila ya watu.

Ila nina neno la mwisho, na hili nalisema bila mzaha. Nyinyi huko mnapanda mlima kukitafuta kimya, mnakikalia mpaka makalio yanakufa. Mimi ninacho bure. Tangu mwezi wa saba kila jioni nafungua mlango wa nyumba hii ninakikuta kimekaa mezani kinaningoja. Nimewasha redio, haikisaidii. Nimezungumza na paka. Sijakitaka, Hiong, na sitazoea. Njoo kimya hiki kiondoke. Njoo tugombane.

Kuna basi la asubuhi kutoka Puli siku ya Jumamosi tarehe ishirini na moja. Kibanda hiki sijawahi kukifunga Jumamosi, hata nilipoumwa, hata mwaka wa kimbunga. Jumamosi hiyo nakifunga. Nitakuwa kituoni tangu asubuhi.

Shangazi yako,
Kim-tsi